Mradi Umefungwa: Nisome Uzamili wa Afya ya Jamii au Niratibu Wanafunzi wa Fildi?

Swali: Shikamoo dada. Nina miaka 32, nimesoma sosholojia pale Mlimani, na kwa miaka minne nilikuwa kwenye mradi wa VVU Temeke nikiratibu wahamasishaji wa jamii. Mwaka 2025 fedha za Marekani ziliposimama, mradi ulifungwa na wote tukarudi nyumbani. Ninachotaka ni kuongoza kazi ya afya ya jamii, sitaki kuishia kuwa mjaza fomu. Shangazi anasema nikasome uzamili wa afya ya jamii Muhimbili. Akiba niliyonayo inatosha ada ya mwaka mmoja. Mhadhiri niliyefahamiana naye kwenye mradi anaomba nimratibie wanafunzi wa fildi Mbagala na kata za jirani. Hakuna mshahara, ni nauli tu. Wenzangu wanasema nitulie, miradi itarudi. Nifanye lipi? (Msomaji, Mbagala)

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa kazi kukatika ghafla.

Nianze na ushauri wa wenzako, maana ndio mwepesi kuujibu: usitulie. USAID ilisimamisha shughuli zake rasmi tarehe 1 Julai 2025, na mashirika mengi ya hapa mjini yaliyotegemea fedha hizo yamepunguza watu na viti vimebaki vitupu. Tangazo zuri likitoka, omba kama wengine. Lakini ukimaliza mwaka mzima unafungua barua pepe kila asubuhi, utapoteza hata kile ulicho nacho leo, yaani kujulikana. Wenyeviti wa mitaa ya Mbagala bado wanaikumbuka sura yako na namba yako bado wanayo kwenye simu. Ukipotea miezi kumi na mbili utaanza upya kujitambulisha.

Umesema unataka kuongoza. Vizuri, ila nami nikuulize: unajua maamuzi ya afya ya Mbagala yanafanyika wapi? Mtu akikaa sana kwenye miradi huanza kuamini yanafanyika Mikocheni na Masaki, kwenye ofisi zenye jenereta na magari meupe nje. Huko ziligawiwa fedha za wafadhili. Zahanati ya mtaani kwako haiendeshwi kutoka huko. Wizara ya Afya inatoa sera na miongozo, lakini zahanati na vituo vya afya vya serikali vinaendeshwa na halmashauri, chini ya TAMISEMI. Kwa upande wako ni Manispaa ya Temeke, na watu wa kuwajua ni Mganga Mkuu wa Manispaa na timu yake.

Kila mwaka timu hiyo huandika mpango kabambe wa afya wa halmashauri. Kila kituo nacho huandika mpango wake, na kila kituo kina kamati ya usimamizi ambayo ndani yake wamo wakazi wa kawaida kabisa. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, sehemu ya fedha za afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kituo. Kwa hiyo kamati ile unayoiona imekaa kwenye benchi na mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo, pengine na mwalimu mstaafu na mama muuza samaki, inajadili mambo ya kweli: bomba la chumba cha kujifungulia litengenezwe sasa au lisubiri, dawa zilizopungua zinunuliwe kwa fedha ipi. Umekaa Temeke miaka minne. Umewahi kuhudhuria kikao chake hata kimoja? Sikusuti. Waratibu wengi wa miradi hawajawahi, kwa sababu mradi haukuwa na kasma ya kikao hicho wala kiashiria cha kukipima.

Halafu mambo haya yana kalenda, na kalenda hiyo ndiyo elimu ambayo ningependa uipate kabla ya shahada yoyote ya pili. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai mosi, lakini ukipeleka hoja yako Juni, wenzako walishafunga vitabu. Vituo huanza kuandaa mipango yao kuanzia Novemba hivi. Halmashauri inaiunganisha, inapitiwa na Bodi ya Afya na kamati za madiwani, inafika Baraza la Madiwani mwanzoni mwa mwaka, kisha inaingia kwenye safari ya Dodoma ambako Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili. Jambo la mtaa wako lisipoandikwa kati ya Novemba na Januari, litakaa nje mwaka mzima hata kama lina takwimu nzuri namna gani. Nimekutana na mabingwa wa utafiti wasiolijua hili. Nimekutana pia na mtendaji wa mtaa aliyelijua vizuri, na mtaa wake ulikuwa haukosi kitu.

Nikupe kisa kimoja uone ninavyomaanisha. Kata moja ya bondeni, jina lake si muhimu, ilipokea wanafunzi wa fildi waliokuja na dodoso la usafi wa mazingira. Swali la choo lilikuwa la ndiyo au hapana: kaya ina choo? Karibu kila nyumba ikajibu ndiyo. Ripoti ikaandikwa kwamba hali ya vyoo inaridhisha. Bahati nzuri msimamizi wao alikuwa ameng'ang'ania warudi kutoa mrejesho kabla ya kuondoka, kwa hiyo watu wakaitwa jioni nje ya ofisi ya serikali ya mtaa, viti vya plastiki vikaazimwa kwa jirani mwenye shughuli za maturubai. Kijana akasoma matokeo. Mama mmoja aliyekuwa amesimama nyuma na ndoo yake akasema, "Choo ninacho, mwanangu. Uliza mvua ikinyesha kinakwenda wapi."

Watu wakacheka, kisha wakaanza kusema. Masika yakianza, usiku wa mvua kubwa, watu wanatapisha vyoo: wanatoboa shimo ubavuni, uchafu unatoka na maji ya mafuriko, asubuhi tundu linazibwa kwa mawe na mfuko wa saruji. Kila mtu anajua na hakuna anayesema mbele ya bwana afya, maana ni kosa na faini ipo. Kwa nini wanatapisha? Gari la majitaka haliingii kwenye vichochoro vyao. Likisimama barabarani, mpira haufiki. Bei ya tripu moja ni ya nyumba nzima, na nyumba ina wapangaji saba ambao hawakubaliani nani alipe, na mwenye nyumba anaishi Chanika. Hayo yote yalipatikana jioni ile moja, na hakuna hata moja lililokuwemo kwenye dodoso.

Kilichofuata ndicho ninachotaka ukitazame. Afisa afya wa kata aliandika yale maneno kwenye muhtasari wa kikao, mwenyekiti na mtendaji wakasaini, diwani akaupeleka kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo yeye ndiye mwenyekiti wake. Hakuna aliyejengewa mtaro. Katika mpango wa mwaka uliofuata uliingia mstari mmoja, wa kuwapa vijana wa mtaa pampu za mkono za kunyonyea vyoo kwenye vichochoro na kuwasimamia. Mstari mmoja tu. Kazi hii ikikuendea vizuri sana, utapata mistari ya namna hiyo michache kwa mwaka, na jina lako halitakuwa kwenye hata mmoja. Kama hilo linakuudhi, niambie mapema tutafute njia nyingine.

Usidhani choo ni jambo dogo la kuanzia. Kipindupindu cha 2015 kilianza hapa Dar es Salaam mwezi Agosti, kikasambaa karibu nchi nzima. Mabango na vipaza sauti vilikuwepo. Waliokuwa adimu ni watu wanaojua nyumba zipi zinatapisha na kisima kipi kiko chini yake, na ambao wakigonga mlango wanafunguliwa.

Watu wa namna hiyo jiji hili limewahi kuwalea kwa makusudi. Mwaka 2004 ulianzishwa mpango wa kudhibiti malaria mjini, ndani ya muundo wa halmashauri za jiji, pamoja na watafiti wa taasisi ya afya ya Ifakara na wenzao wa vyuo vya nje. Ulifanya kazi katika kata 15. Waliochaguliwa kukagua madimbwi na baadaye kuweka kiuatilifu cha kuua viluwiluwi walikuwa wakazi wa mitaa yenyewe, waliopatikana kupitia serikali za mitaa. Kila mmoja alipewa eneo lake la mashina ya nyumba kumi kumi na akachora ramani yake kwa mkono: kiwanja hiki, mtaro huu, bustani ya mchicha ile, nyumba ya fulani. Baadaye michoro hiyo ililinganishwa na picha zilizopigwa kutoka angani ili kuona ni vipande gani vimesahaulika. Mara nyingi kilichosahaulika ni pale ambapo maeneo mawili yanapakana na kila mkaguzi alidhani ni pa mwenzake. Mimi nikifundisha wanafunzi hupenda kuwasimulia hilo kuliko matokeo ya malaria yenyewe, kwa sababu mbu hakai kwenye mipaka yetu ya utawala, na msimamizi wa kata anayegundua hilo na kuwakutanisha wale wawili tayari anaongoza.

Na zamani zaidi, kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 iliwafikia watu wapatao milioni mbili kupitia redio na vikundi vya kusoma, ikaacha vyoo vimechimbwa nchi nzima. Iliendeshwa na watu wa elimu ya watu wazima. Wewe mwenye sosholojia usijione umeingia kwa mlango wa nyuma.

Sasa wanafunzi wa fildi. Kubali. Ila kubali kwa masharti, na masharti yenyewe yaandikwe.

Fildi nyingi za vyuo huangukia likizo ndefu, kati ya Julai na Oktoba. Linganisha na kalenda niliyokupa hapo juu. Matokeo yakiwa tayari Oktoba, yanafika kwenye kamati za vituo na kwa diwani wiki chache kabla mipango haijaanza kuandikwa. Mhadhiri wako pengine hajaliona hilo. Yeye anawaza wanafunzi wapate alama na yeye apate takwimu, na simlaumu, maana vyuo vyetu vina kazi tatu, kufundisha, kutafiti na kuhudumia jamii, lakini kwenye kupandishwa cheo machapisho ndiyo yana uzito. Kwa hiyo kuhudumia jamii hubaki sura nzuri ya mwisho kwenye ripoti ya mwaka. Anayeweza kuifanya iwe kazi ni mtu kama wewe, aliyesimama katikati na anayeaminika pande zote mbili.

Sharti la kwanza ni barua ya kukuteua kutoka chuoni, yenye cheo, muda na majukumu. Bila barua hiyo, siku mwanafunzi akigongwa na bodaboda au mzee wa mtaa akilalamika kwamba mtoto wake amepigwa picha, utakuwa peke yako. Vibali vya wanafunzi vipite njia yake: chuo, Katibu Tawala wa Wilaya, Mkurugenzi wa Manispaa, mtendaji wa kata, mtendaji wa mtaa, na kama ni utafiti kamili, kibali cha maadili kwanza. Usikubali kuwa njia ya mkato kwa sababu unafahamiana na mwenyekiti.

Pili, angalau swali moja litoke kwenye kata. Nenda kwa mganga mfawidhi na afisa afya kabla dodoso halijafungwa, uulize wanahangaika na nini. Mara nyingi watakupa jambo dogo la kushangaza, kwa mfano kwa nini akina mama wa upande fulani wa barabara hawarudi kwa hudhurio la nne la kliniki wakati wa upande wa pili wanarudi. Wanafunzi wanne wanaweza kulijibu hilo kwa wiki mbili, na mganga mfawidhi akishajibiwa swali lake mwenyewe, mwakani atakupigia yeye.

Tatu, tarehe ya mrejesho iwekwe kabla wanafunzi hawajaanza kuzunguka, na nakala ya matokeo, kurasa mbili za Kiswahili, ibaki ofisi ya mtaa. Hapa usilegee hata kidogo. Watu wa Dar es Salaam wamehojiwa mpaka wamechoka. Kuna nyumba ukibisha hodi na karatasi mkononi wanakuuliza, "Ninyi tena?" Wana haki. Mfano mzuri wa vyuo kuacha kitu nyuma ni uchoraji wa ramani: wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walichora Tandale pamoja na wakazi mwaka 2011, na kuanzia 2015 kazi hiyo ikapanuka kuwa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa Ardhi na Mlimani walizunguka na wakazi kwenye kata zinazofurika wakiandika mitaro, vichochoro na kina cha maji. Ramani zile ziko wazi, yeyote anaweza kuzifungua. Kazi ya mwanafunzi iliyofungiwa kwenye kabati la idara haina mwenyewe.

Kuhusu nauli, sitakwambia ujitolee kwa moyo. Omba nauli, vocha na chakula cha mchana, na ujue mwisho wake: msimu mmoja wa fildi, baada ya hapo mkae tena mezani. Vyuo vina maombi ya fedha za utafiti yenye kipengele cha ushirikishaji jamii, na ombi linalofuata linaweza kuwa na jina lako na malipo yako ndani yake. Mwambie hivyo bila aibu. Msimamizi wa wanafunzi asiye na posho huku maofisa wanaopita siku moja kusalimia wakisaini karatasi ya posho ni jambo tulilolizoea mno hapa kwetu.

Shangazi yako hakukosea kuhusu uzamili, amekosea saa. Muhimbili ni mahali pazuri pa kusoma jambo hili. Wamekuwa wakifundisha udaktari tangu 1963, na ni chuo kikuu kamili tangu 2007. Shule yao ya afya ya jamii ina zaidi ya uzamili mmoja. Kwa shahada yako ya kwanza soma kwa makini masharti ya kujiunga ya kila programu, na uangalie pia ule wa sera na menejimenti ya afya, ambao unaweza kukukaa vizuri. Wana pia utaratibu kwa watu walio kazini. Utakachopata darasani ni epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyosambaa, na takwimu, na unavihitaji kweli: siku utakapokaa na mratibu wa MTUHA, mfumo wa taarifa za afya wa vituo, akakuonyesha chati, uweze kumwambia kwamba wagonjwa hawakuongezeka, ni kituo kipya kimeanza kutuma taarifa.

Lakini kuingia sasa ukiwa na ada ya mwaka mmoja tu na huna kazi, mdogo wangu, ni kumaliza akiba yote, na programu ikizidi mwaka itakukuta unakopa. Tena utafika wakati wa tasnifu huna swali, utachukua lolote la maktaba. Ukiingia baada ya msimu mmoja au miwili ya fildi, utakuwa na swali la kata halisi, vibali unavijua, na mganga mkuu anayekufahamu atakuandikia barua ya udhamini yenye maneno ya kweli.

Wakati huo huo, omba kazi serikalini. Fungua akaunti yako ya Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi, na ufuatilie pia matangazo ya TAMISEMI. Sosholojia inakubalika kwa nafasi za Afisa Maendeleo ya Jamii, na afisa huyo hukaa kwenye kata, anahudhuria vikao vyote nilivyokutajia, anaandika mihtasari. Ukipangiwa wilaya ya mbali kama Kakonko au Nanyumbu, nenda. Miaka mitatu ya huko itakufundisha halmashauri inavyopumua kuliko miaka kumi ya warsha za hotelini. Angalia pia mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024, unaolenga kupata zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Wale wanafundishwa miezi sita na kupelekwa mitaani, na wewe umekaa miaka minne ukiratibu wahamasishaji. Unajua nani anajaza daftari akiwa nyumbani, unajua nani ameacha kwa sababu simu yake iliibiwa. Ujuzi huo uandike kwenye wasifu wako kwa maneno hayo hayo, usiufiche nyuma ya "uratibu wa shughuli za mradi".

Jambo moja la mtaani kabla hujaanza. Mtendaji ni mwajiriwa, anaweza kuhamishwa kesho. Mwenyekiti wa mtaa amechaguliwa, na waliopatikana kwenye uchaguzi wa Novemba 2024 wana kipindi cha miaka mitano. Mipango yako yote ukiijenga kwa mtendaji peke yake, siku ya uhamisho wake unabaki na namba ya simu isiyopokelewa. Wote wawili wajue, na afisa afya wa kata ajue, na nakala za mihtasari uwe nazo mwenyewe.

Kwa wiki hii basi: nenda ofisi ya kata, salimia, waeleze kuwa mradi umeisha ila wewe upo, na uulize Kamati ya Maendeleo ya Kata inakaa lini. Kisha mpigie mhadhiri, umwambie uko tayari na unaomba barua. Akiandika, anza naye. Akianza kuzungukazunguka, kwamba barua itafuata, kwamba tuanze kwanza tutaona, usigombane naye, utamhitaji siku ya kuomba uzamili. Mshukuru, umtafutie kijana mwingine wa kumsaidia, na wewe ukae na zile fomu za Ajira Portal.